Magadi na Kinywe

Ujumbe wa sauti uliingia saa nne usiku. Nyuma ya sauti yake nilisikia bodaboda zikipita na mtu akitangaza mahindi ya kuchoma. Alikuwa rafiki yangu niliyesoma naye sekondari. Siku hizi anafundisha fizikia huko kusini, na mvua zikikubali analima ufuta. "Kaka," alisema, "hivi hii betri ya chumvi ya Wachina ni ya kweli au ni mambo ya mtandaoni? Maana huku kwetu wametoboa mashimo ya kutafuta kinywe mpaka karibu na kaburi la babu. Wazee wanahesabu mikorosho yao kila jioni, wakisema mgodi ukija tutalipwa. Sasa kama betri zenyewe zitakuwa za chumvi, si tumekwisha?"

Kinywe ni lile jiwe jeusi, laini, lenye kuteleza, ambalo ukilishika linakuachia weusi unaong'aa kidoleni. Wengine huliita grafaiti. Ndilo lililomo ndani ya penseli. Kuanzia Mahenge hadi Lindi, na kuvuka Ruvuma mpaka Balama huko Msumbiji, ardhi imelibeba kwa wingi, na kwa miaka kadhaa sasa wenyeji wamekuwa wakiambiwa kwamba ni jiwe la kesho, kwa sababu karibu kila betri ya simu na ya gari la umeme ina kinywe upande wake wa hasi. Kwa hiyo rafiki yangu hakuwa akiuliza swali la kemia. Alikuwa akiuliza kuhusu shamba la baba yake.

Nilimwandikia, "Ni kweli, ila..." nikakwama kwenye hiyo "ila". Ndani yake mlikuwa na miaka mia mbili ya historia, pamoja na miezi kadhaa ya maisha yangu ambayo sikuwahi kumsimulia.

Kama umekulia katika nyumba iliyopika maharage makavu kwa kuni, unalijua kopo la magadi. Bibi yangu aliliweka juu ya kabati, mbali na mikono yetu, na alitia kidogo tu chunguni ili maharage yaive kabla kuni hazijaisha. Magadi, ukiondoa uchafu wake, ni kaboneti ya sodiamu. Kenya wana ziwa lenye jina hilohilo, ambako yamechimbwa kibiashara tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Upande wa Tanzania kuna Ziwa Natron, na kusini mwake umesimama Ol Doinyo Lengai, volkano hai pekee duniani inayotoa lava iliyojaa kaboneti za sodiamu. Natron ni jina la chumvi ambayo Wamisri wa kale waliitumia kukaushia maiti. Katika Kilatini cha wanasayansi likawa natrium, Jöns Jacob Berzelius wa Sweden akalifupisha kuwa Na, na baadhi ya kamusi zetu husema natiri. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayekariri kwamba alama ya sodiamu ni Na, huku akishangaa hizo herufi zimetoka wapi, ana ziwa zima la jibu mkoani Arusha.

Sodiamu yenyewe, kama metali, ilizaliwa na betri. Oktoba 1807 jijini London, Humphry Davy alipitisha umeme wa betri kubwa ya aina ya Volta kwenye potasi, na siku chache baadaye kwenye kostiki soda, ileile wanayoitumia watengeneza sabuni. Akapata metali mbili ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziona: potasiamu, kisha sodiamu. Binamu yake Edmund, aliyekuwa msaidizi wake, alisimulia kwamba Davy alipoona vitone vya kwanza vya potasiamu vikiwaka alirukaruka chumbani kwa furaha.

Ilipita zaidi ya karne moja na nusu kabla ya watu kufikiria kwa dhati kuirudisha sodiamu ndani ya betri. Katika miaka ya 1960, Joseph Kummer na Neill Weber wa kampuni ya Ford walitengeneza betri ya sodiamu na salfa, zote mbili zikiwa zimeyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 300, zikitenganishwa na ukuta mwembamba wa kauri. Walikuwa wanawaza magari. Chungu cha sodiamu ya moto si kitu ambacho ungependa kukiegesha chini ya mwembe wanapochezea watoto, na betri hizo baadaye zilipata kazi ya kutulia mahali pamoja, hasa Japani, zikihifadhi umeme wa gridi. Lakini ile kauri iliacha somo kubwa: ioni zinaweza kupita ndani ya kitu kigumu kana kwamba ni maji. Stanley Whittingham, ambaye baadaye angejenga mojawapo ya betri za kwanza za lithiamu za kuchaji tena akiwa Exxon, alianzia kwenye kauri hiyo ya sodiamu.

Niseme kidogo betri hizi zinavyofanya kazi, kwa sababu yote yanayofuata yanategemea hapo. Ioni ni daladala. Upande mmoja kuna stendi inayoitwa kathodi, upande wa pili kuna stendi inayoitwa anodi. Ukichaji, daladala zote zinasukumwa kwenda anodi. Ukiwasha simu, zinarudi. Betri nzuri ni ile ambayo kila daladala iliyokwenda inarudi, maelfu ya mara, na ambayo stendi zake haziporomoki.

Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, lithiamu na sodiamu zilikua kama ndugu wa nyumba moja. Maabara zilezile zilizijaribu zote mbili. Mwaka 1980 huko Bordeaux, Claude Delmas na wenzake waliweka utaratibu wa kuzipa majina oksidi za tabaka zinazobeba sodiamu, utaratibu ambao watafiti wanautumia hadi leo. Mwaka huohuo kutoka Oxford, John Goodenough na Koichi Mizushima na wenzao walitangaza oksidi ya kobalti na lithiamu. Stendi za kathodi zilikuwepo kwa wote wawili. Iliyokosekana ni ya anodi, kwa sababu kutumia metali yenyewe, lithiamu au sodiamu tupu, ni hatari: inaota sindano zinazotoboa katikati na kuleta moto.

Jibu la lithiamu lilipatikana Grenoble, Ufaransa, mikononi mwa kijana wa Kiafrika. Rachid Yazami, mzaliwa wa Fès nchini Morocco, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba lithiamu inaweza kuingia na kutoka ndani ya kinywe bila kukiharibu. Kinywe kimejengwa kwa matandiko ya kaboni yaliyopangwa kama chapati kwenye sahani, na lithiamu inajipenyeza katikati ya chapati, ioni moja kwa kila atomi sita za kaboni. Kwa hesabu, gramu moja ya kinywe inabeba miliampia-saa 372. Mwaka 1991 Sony walipoingiza sokoni betri ya kwanza ya ioni za lithiamu walianza na kaboni ya aina nyingine, lakini haikuchukua muda kinywe kikatawala. Na mwaka 2019 Tuzo ya Nobel ya kemia ilikwenda kwa Goodenough, Whittingham na Akira Yoshino. Nobel haigawiwi zaidi ya watu watatu, na wa nne huyu hakuwemo. Mimi bado inaniuma, ingawa si mimi niliyenyimwa.

Hapo ndipo ndugu wawili walipotengana, kwa sababu kinywe kinaikataa sodiamu.

Hilo lilikuwa limeshajulikana. Mwaka 1958, R. C. Asher na S. A. Wilson walichapisha katika jarida la Nature taarifa fupi kuhusu sodiamu ndani ya kinywe. Inaingia, lakini kwa shida: karibu atomi moja kwa kila atomi 64 za kaboni. Ukipiga hesabu unapata kama miliampia-saa 35 kwa gramu, chini ya sehemu moja ya kumi ya lithiamu. Hakuna anayejenga kiwanda kwa ajili ya 35.

Kwa nini? Nilipokuwa mwanafunzi tuliambiwa, na nikaamini, kwamba sodiamu ni nene mno. Ni kweli ioni yake imeizidi ya lithiamu kwa karibu theluthi moja. Lakini potasiamu ni nene kuliko zote mbili, na tangu mwaka 1926 wanakemia wa Ujerumani walishaiingiza ndani ya kinywe bila taabu, atomi moja kwa kila kaboni nane. Mkubwa anapita, mdogo anapita, wa katikati anakwama mlangoni. Maelezo yanayokubalika leo ni ya nishati: mshikamano wa sodiamu na kaboni ni dhaifu, kiasi kwamba sodiamu inaona afadhali ikae na sodiamu wenzake. Haijazuiwa. Haivutiwi tu. (Mwaka 2014 Birte Jache na Philipp Adelhelm huko Giessen, Ujerumani, walionyesha kwamba sodiamu ikiingia ikiwa imevikwa molekuli za kimiminika cha aina ya etha, kinywe kinaipokea, kanzu yake na yote. Lakini kanzu hiyo inachukua nafasi, na kiasi kinachobebwa ni kidogo.)

Kwa karibu miaka ishirini baadaye, dunia iliiacha sodiamu. Lithiamu ilitosha. Simu zilikuwa ndogo, magari ya umeme yalikuwa ndoto, na Kolwezi ilikuwa bado haijawa jina la kutajwa kwenye mikutano ya wawekezaji.

Mwaka 2000 zikatokea makala mbili, na ukiniuliza mimi, historia yote iliyofuata ni mvutano kati yao.

Ya kwanza ilitoka Halifax, Canada. David Stevens na Jeff Dahn walichukua glukosi, yaani sukari, wakaiunguza bila hewa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Kilichobaki ni kaboni isiyopangika: vipande vya matandiko vilivyoegemeana ovyo kama nyumba ya karata iliyobomoka, na vishimo katikati. Sodiamu iliyokataliwa na chapati zilizopangwa vizuri ilijaa kwenye vurugu hiyo, kiasi cha miliampia-saa 300 hivi kwa gramu. Watu huiita kaboni ngumu. Haina mvuto. Ni sukari iliyoungua.

Ya pili ilitoka Amiens, Ufaransa, katika chuo kikuu chenye jina la Jules Verne, na kwa kweli ilikuwa na ladha ya hadithi zake. Philippe Poizot, Jean-Marie Tarascon na wenzao walionyesha kwamba oksidi za kawaida za kobalti, nikeli, shaba au chuma, zikisagwa hadi kuwa chembe za nano, zinaweza kubeba lithiamu miliampia-saa 700 kwa gramu, karibu mara mbili ya kinywe. Hapa ioni haiingii katikati ya matandiko. Inavunja nyumba. Lithiamu inainyang'anya kobalti oksijeni yake, inabaki kobalti tupu na oksidi ya lithiamu. Ukigeuza mkondo, kila mmoja anarudishiwa chake. Wengi walikuwa wameamini kwamba nyumba iliyovunjwa hivyo haijengeki tena.

Miaka miwili baadaye, kundi la Ricardo Alcántara na José Tirado huko Córdoba, Hispania, liliuliza swali lililokuwa wazi: je, sodiamu nayo inaweza kuvunja na kujenga? Walichapisha ripoti ya kwanza ya oksidi ya aina hiyo kwa upande hasi wa betri ya sodiamu. Ilifanya kazi, kwa wastani. Oksidi waliyoichagua ilikuwa ya nikeli na kobalti. Leo sodiamu inatangazwa kama njia ya kuikimbia kobalti, madini ambayo takriban asilimia 70 ya uchimbaji wake duniani unafanyika Kongo, huko ambako Kiswahili ndiyo lugha ya mgodini na ya sokoni. Safari ya kuikimbia Katanga ilianza na unga wa madini ya Katanga, au angalau ya aina ileile.

Tatizo la oksidi ni mwili. Ikipokea sodiamu inavimba; ikiitoa inasinyaa. Bati, mojawapo ya metali zenye matumaini makubwa, likijaa sodiamu hufikia ukubwa wa zaidi ya mara tano wa mwanzo. Fikiria ukuta wa udongo unaovimba mara tano kila asubuhi na kusinyaa kila jioni. Baada ya siku kadhaa huna ukuta, una vumbi. Zaidi ya hapo, oksidi nyingi hazipitishi umeme vizuri, kwa hiyo kila chembe iliyomeguka na kujitenga inakuwa kisiwa kisichofikika.

Kilichohitajika ni kitambaa: chepesi, chenye kupinda, chenye kupitisha umeme, kitakachozifunga chembe hizo zisisambae na bado kiziachie nafasi ya kuvimba. Mwaka 2004 dunia ilisikia kwamba kitambaa hicho kipo. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester walibandua kinywe kwa mkanda wa gundi, wakabandua tena na tena, mpaka wakafika kwenye tandiko moja, chapati moja yenye unene wa atomi moja. Hiyo ndiyo grafini. Mwaka 2010 walipewa Nobel ya fizikia.

Lakini mkanda wa gundi haukupi gramu kumi, sembuse tani. Waliotaka grafini kwa wingi walirudi nyuma sana, hadi kwa Benjamin Brodie, ambaye mwaka 1859 alikipiga kinywe kwa asidi kali akipeleleza uzito wa atomi zake, na kwa William Hummers na Richard Offeman wa Pittsburgh, waliorahisisha kazi hiyo kwa asidi ya salfa, pamanganeti ya potasiamu na nitrati ya sodiamu. Mapishi yao yanakifanya kinywe kinywe oksijeni, matandiko yake yaachane, yaelee majini. Makala yao ilitoka mwaka 1958. Mwaka uleule ambao Asher na Wilson waliandika kwamba kinywe kinaikataa sodiamu, wenzao wawili waliandika namna ya kukifumua hicho kinywe tandiko kwa tandiko. Ilichukua nusu karne kwa makala hizo mbili kukutana.

Zilikutania kwenye mchanganyiko. Unachukua maji yenye matandiko ya oksidi ya grafini, unatia chumvi ya bati, unafunga kwenye chungu cha chuma chenye tefloni kwa ndani, unaacha kwenye tanuri usiku kucha. Asubuhi una unga mweusi, na ukiutazama kwa darubini ya elektroni unaona matandiko yamekunjamana, juu yake chembe za oksidi zimetapakaa kama ufuta juu ya mkate wa ufuta. Watafiti wa lithiamu walikuwa wamefanya hivyo tangu 2009. Mwaka 2013 Dawei Su, Hyo-Jun Ahn na Guoxiu Wang, watafiti wa Sydney na Korea Kusini, waliripoti oksidi ya bati na grafini iliyobeba sodiamu zaidi ya miliampia-saa 700 kwa gramu. Kumbuka ile 35 ya mwaka 1958. Mwaka uliofuata ikaja oksidi ya chuma juu ya grafini, yaani kwa lugha ya nyumbani, kutu. Kutu, magadi na kinywe! Halafu ikaja oksidi ya titani, ambayo haivimbi sana na kwa hiyo ilistahimili maelfu ya mizunguko. Kisha yakaja mafuriko: antimoni, manganisi, shaba, molibdeni, kila metali iliyopo kwenye jedwali na kila umbo, maua, nyuzi, mipira yenye uwazi ndani, kila moja ikiwa na makala yake na kila makala ikiwa na namba kubwa kuliko ya jana.

Mimi nilikuwa mmoja wa wapishi hao. Hiki ndicho ambacho sikuwahi kumsimulia rafiki yangu. Nilipokuwa nasoma shahada ya uzamili nilikaa miezi nikipika oksidi ya bati na grafini. Nilitengeneza betri ndogo kama za saa ya mkononi, nikizifunga ndani ya kasha la glovu lililojaa gesi ya argoni, mikono ikitoka jasho ndani ya mpira. Nakumbuka asubuhi ya kwanza niliyofungua kompyuta na kuona namba. Ilikuwa kubwa. Nilimpigia mama simu, nikamwambia nimepata namba kubwa, naye akasema Alhamdulillahi, umekula?

Namba hiyo ilikuwa ya mara ya kwanza kuingiza sodiamu. Nilipoitoa, zaidi ya nusu haikurudi.

Grafini ina eneo kubwa ajabu, ndiyo sifa yake, na kila sehemu ya eneo hilo inayogusa kimiminika cha betri inajijengea utando siku ya kwanza, na utando huo umetengenezwa kwa sodiamu. Daladala zinaingia stendi na kugeuzwa ukuta wa stendi. Maabarani hasara hiyo haikuumizi, kwa sababu upande wa pili wa betri ya majaribio huweki kathodi halisi. Unaweka kipande cha metali ya sodiamu, chenye daladala nyingi mno kuliko unazohitaji. Zikipotea mia, zinakuja mia nyingine, na mzunguko wa pili unaonekana umetulia. Betri ya dukani haina ghala hilo. Ina daladala zilizowekwa kiwandani tu, na zote zinatoka kwenye kathodi. Ukipoteza nusu siku ya kwanza, umemuuzia mteja nusu ya betri.

Kulikuwa na siri nyingine za jikoni. Unga wetu ulikuwa mwepesi kama pamba, kwa hiyo kwa gramu tulikuwa matajiri na kwa lita tulikuwa maskini. Tuliupaka mwembamba sana. Na oksidi inayovunjwa na kujengwa inadai nishati nyingi wakati wa kuchaji kuliko inayorudisha. Tofauti hiyo inapotea kama joto.

Nilianza mchoro wangu kwenye mzunguko wa pili. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo, na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Mzunguko wa kwanza niliuweka kwenye jedwali la viambatisho, mwishoni kabisa, mahali ambapo hakuna uongo na hakuna msomaji. Nilipata alama nzuri.

Wenye viwanda walisoma viambatisho. Julai 2021 kampuni ya CATL ya China, mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa betri duniani, ilipotangaza betri yake ya kwanza ya ioni za sodiamu, upande wa hasi hakukuwa na oksidi wala grafini. Kulikuwa na kaboni ngumu. Sukari iliyoungua ya Halifax, miaka 21 baadaye, ndiyo iliyokwenda kiwandani, kwa sababu ni rahisi, inapoteza kidogo siku ya kwanza, na haivimbi. Hata karatasi ya shaba ambayo betri ya lithiamu inaihitaji upande huo haikuhitajika tena: sodiamu inakubali alumini pande zote mbili. Ukikaa Lubumbashi, habari hiyo ina uzito wake.

Mwaka uliofuata bei ya lithiamu ilipaa. Novemba 2022 kaboneti ya lithiamu nchini China ilikaribia yuani 600,000 kwa tani, na kila mtu akaipenda sodiamu. Kufikia mwisho wa 2023 ilikuwa imeshuka hadi kama 100,000, na mapenzi yakapoa. Sodiamu ni nyingi kuliko lithiamu kwenye ganda la dunia kwa takriban mara elfu moja, lakini betri hainunuliwi kwa wingi wa kilichomo ardhini.

Ndiyo maana nilikwama kwenye "ila". Rafiki yangu alidhani kuna pande mbili, chumvi na kinywe. Ziko tatu. Betri ya lithiamu inakihitaji kinywe cha kusini, na bado ndiyo inayotawala magari, kwa hiyo si kwamba wamekwisha. Betri ya sodiamu inayouzwa sasa haikihitaji hata kidogo. Na katikati kulikuwa na njia ya tatu, ile ambayo magadi na kinywe vingeingia nyumba moja, kwa sababu oksidi ya grafini huanzia kwenye kinywe na si mahali pengine. Ni njia niliyoifanyia kazi kwa mikono yangu. Watafiti wengine bado wapo humo, na baadhi wameacha kufukuza namba kubwa: wanaipa anodi sodiamu yake ya ziada kabla ya kufunga betri, wanapunguza grafini hadi iwe kitambaa chembamba tu, wanachanganya oksidi kidogo ndani ya kaboni ngumu. Mimi siwezi kumwambia mtu asubiri kuuza korosho zake kwa ajili hiyo.

Nilirekodi ujumbe wa dakika nne, nikafuta, nikarekodi tena. Safari ya pili nilimwambia pia kuhusu mzunguko wa kwanza. Nilieleza kaboni ngumu ni nini, na kwamba si lazima iwe ya sukari; Wajapani wanaitengeneza kwa mimea, vikiwemo vifuu vya nazi.

Hakujibu usiku ule. Kesho yake mchana ilikuja picha kutoka sokoni Lindi: lundo la vifuu nyuma ya banda la mama anayekuna nazi, mbuzi mmoja amesimama juu yake. Chini ameandika, "Hivi tulikuwa tunachomea mkaa wa pasi." Halafu, kabla sijamaliza kucheka, "Gunia watanunua shilingi ngapi?"